Mazoezi ya tamathali za usemi kuhusu majira ya baridi: "moyo wa barafu" ni sifa au lawama?

Mwalimu wa Kabale ameuliza:

Ndugu walimu wenzangu, nawasalimu. Ninafundisha Kiswahili kidato cha tano katika shule moja ya hapa Kabale, kwenye nyanda za juu zenye baridi za Uganda. Juma lililopita niliwapa wanafunzi zoezi la tamathali za usemi kuhusu majira ya baridi ya Ulaya, ambalo nililipata kwa Kiingereza nikalitafsiri mwenyewe usiku, kwa haraka ninayoijutia sasa. Sentensi zenyewe zilikuwa za kawaida: theluji iliyotandika shuka jeupe juu ya kijiji, upepo uliopiga mbinja madirishani, miti iliyosimama uchi kama mifupa. Tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu) na tashbihi (kulinganisha kwa "kama") walizitambua bila shida.

Tatizo lilitokea kwenye sentensi ya saba, "Yule mama ana moyo wa barafu", ambayo niliwataka waeleze maana yake. Mwongozo wa kusahihishia ulisema ni mtu mkatili asiye na huruma. Wanafunzi kumi na mmoja kati ya ishirini na sita waliandika kwamba ni mama mpole anayewaliwaza wenzake, na mmoja wao akaongeza kuwa mjomba wake humwita mkewe barafu wa moyo. Niliwanyima alama wote. Baada ya kipindi msichana mmoja alinifuata hadi ofisini, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, kwa Kiswahili baridi imekuwa mbaya tangu lini?" Aliniuliza hayo akiwa amevaa sweta mbili, nami sikuwa na jibu.

Naomba ushauri wenu. Je, nilikosea kuwanyima alama? Na je, kuna faida gani kuwafundisha vijana wetu tamathali za theluji ambayo hawajaiona?

Mkaazi wa Jinja, mzaliwa wa pwani, amejibu:

Mwalimu, kwa heshima zote, wanafunzi wako walikuwa sahihi na mwongozo wako ndio uliopotea njia. Kule nilikozaliwa, mtu akikuita barafu wa moyo amekuambia kwamba wewe ndiwe unayempoza, na barua za mapenzi zimejaa usemi huo. Mwenye hasira tunasema amewaka, kisha tunamwombea apoe. Aliyefiwa tunatafuta neno la kumpoza roho. Ukatili tumeuweka kwenye jiwe: moyo wa jiwe, moyo mgumu, roho mbaya. Jambo hili lina mantiki yake, kwa sababu watu waliokulia chini ya jua la utosi hawawezi kuona ubaridi kama adhabu, ilhali anayeweza kufa kwa kulala nje usiku mmoja wa Januari ana kila sababu ya kuona huruma kama joto.

Nikuongezee jambo dogo ambalo darasa la kidato cha tano litalifurahia. Neno "theluji" tumelipata kwa Waarabu, na "barafu" asili yake ni Kiajemi, ambako "barf" ni theluji yenyewe. Maneno yote mawili yalikuja kwa njia ya bahari, na sisi tukayavika hisia zetu wenyewe.

Mwalimu wa Kasese amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila nina neno kuhusu swali lako la pili, kwa sababu huku kwetu theluji si hadithi. Kilele cha Margherita katika mlima Stanley, kwenye safu ya Rwenzori, kina urefu wa mita 5,109, kiko karibu kabisa na Ikweta, na asubuhi ambayo mawingu yamejitenga wanafunzi wangu huona weupe wa Rwenzori kutoka tambarare, ingawa barafu hiyo inazidi kupungua. Kwa Kikonzo, lugha ya huku kwetu, theluji ni "nzururu", neno ambalo limo hata katika jina la ufalme wa Rwenzururu. Kwa hiyo mtoto wa huku akiandika "nyeupe kama theluji", ameandika alichokiona, hakukopa kwa mtu.

Zoezi langu huanza bila karatasi. Hununua bonge la barafu kwa wauza samaki, nikaliweka kwenye beseni, kisha kila mwanafunzi hulishika mpaka ashindwe, na hapo ndipo anaandika. Mwanzoni wote huandika "baridi kama barafu", jambo ambalo ni sawa na kusema maji yamelowa kama maji, basi nalikataza. Mwaka jana kijana mmoja, ambaye insha zake kwa kawaida ni za kusinzisha, aliandika: "Barafu ilinishika kiganja kama mtu ninayemdaiwa." Nilimsahihisha sarufi (ni "mtu anayenidai"), lakini tashbihi ile nimeitumia darasani mara nyingi kuliko yoyote ya kitabuni.

Msomaji wa Gulu amejibu:

Niliishi Ufini miaka mitatu, kwa hiyo naomba niseme kidogo juu ya majira yenyewe. Mwishoni mwa Desemba jua la Helsinki huzama kabla ya saa tisa na nusu alasiri. Theluji mpya huzuia mwangwi, kwa sababu hewa iliyonaswa kati ya chembe zake humeza sauti, hata mji mzima ukasikika kama umefungiwa ndani ya godoro. Mwanafunzi asiyejua hilo ataitambua tashihisi katika "theluji iliunyamazisha mji" na kupata alama zake, bila kujua kwamba mwandishi alikuwa anaeleza jambo lililotokea kweli. Mwambie kwanza.

Hata hivyo, ndugu wa Jinja amevuka mpaka kidogo. Ubaridi kwa Kiswahili si sifa kila mahali: biashara ikiwa baridi hakuna anayeshangilia, na mtu baridi asiyechangamka hakaribishwi kwenye sherehe. Usiwafundishe kwamba baridi ni nzuri kwetu na mbaya kwao. Waulize ni baridi ya nini, na imekaa kwenye neno gani.

Mwalimu wa Kabale amejibu:

Nawashukuru sana. Leo asubuhi nimewarudishia alama wale kumi na mmoja, jambo lililozua malalamiko kutoka kwa wale kumi na watano walioandika "mkatili" kama mwongozo ulivyotaka. Nao sikuwapokonya, kwa kuwa sentensi yenyewe ilikuwa tafsiri na mtafsiri ni mimi. Sentensi ya saba nimeiandika upya: "Eleza tofauti kati ya mama mwenye moyo wa jiwe na mama aliye barafu wa moyo." Bonge la barafu nitalitafuta Jumatatu, ingawa kwa ukungu wa huku asubuhi, pumzi zikitoka vinywani kama moshi wa jiko la makaa, nina shaka kama kuna atakayekubali kulishika.