MJADALA: Mwalimu wa P1 aruhusiwe kufundisha JSS ama abaki praimari?

Ticha wa Umoja
Wadau habari zenu. Hii mambo imeleta maneno mingi kwa ofisi za walimu na kwa mikutano ya wazazi, wacha niweke msimamo wangu hapa halafu mnikosoe. Mimi ni P1, yaani mwalimu mwenye cheti cha kufundisha praimari, nafundisha gredi ya 5 na ya 6 huku Eastlands, Nairobi, na niko na digrii ya ualimu niliyosoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba kwa mkopo wa sacco. Nasema walimu wa praimari wafunguliwe mlango wa JSS, yaani sekondari ya chini ya gredi ya 7 hadi 9, lakini kwanza wafundishwe somo lenyewe, na serikali ndiyo ilipe.

Kwa wale hawajafuatilia, JSS ilianza Januari 2023 wale watoto wa kwanza wa mtaala mpya wa CBC wakiingia gredi ya 7. Mpango wa mwanzo ulikuwa waende shule za sekondari, halafu jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu likapendekeza wabaki kwa kompaundi ya praimari. TSC, tume inayoajiri walimu, ikaleta walimu wa sekondari, wengi wanagenzi wa 20,000 kwa mwezi, na ikahamisha pia walimu wa praimari wenye digrii. Sasa masharti ya huyu wa praimari ndio shida. Uwe na digrii ya ualimu yenye masomo mawili ya kufundisha, KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, uwe ulipata C+, na hayo masomo mawili pia uwe ulipata C+. Na chuo cha P1 tuliingia na C ya kawaida! Kwa hivyo mtu alipata C, akaenda chuo cha ualimu, akafundisha miaka na miaka, akasoma digrii akafuzu, na bado anarudishwa kwa karatasi aliyofanya akiwa kijana wa fom foo.

Bado Nangoja TSC
Mwalimu kwa heshima zote, hapana. Mimi nimesomea hesabu na fizikia chuo kikuu miaka minne, namba ya TSC niko nayo, na saa hii nazunguka Kasarani nikifunza tuisheni kwa nyumba za watu. Tuko maelfu kwa maelfu. Kila nafasi ya JSS ikienda kwa mtu ambaye tayari ana kazi na mshahara, sisi tunaambiwa tungoje tena. Na tusemezane ukweli, wengi mnataka JSS juu ya pesa, kutoka gredi ya mshahara ya B5 kwenda C2.

Mama wa Gredi 8
Mimi ni mzazi tu, hiyo mambo ya B5 siielewi vizuri. Venye naona kwa daftari za mtoto wangu ni hivi, sayansi anafundishwa na mwalimu aliyesomea historia na dini (CRE). Ni kijana mzuri sana, ana bidii, lakini mada ya umeme waliinakili yote kutoka kwa kitabu na hawajawahi kushika waya wala balbu. Nikauliza shuleni nikaambiwa JSS iko na walimu watatu kwa madarasa yote. Na huyo ana digrii, si P1.

Ticha wa Umoja
@Bado Nangoja, pesa ni kweli iko hapo na siifichi. Mwalimu amekaa B5 miaka mingi na TSC iliacha kupandisha watu kwa sababu ya digrii peke yake, sasa JSS ndio ngazi iliyobaki, angefanya nini? Lakini soma venye mama ameandika hapo juu. JSS iko na masomo tisa. Yalipunguzwa baada ya ile ripoti ya Munavu, mwanzoni yalikuwa mengi zaidi. Digrii ya sekondari inakupa masomo mawili. Shule ikipata walimu watatu, hata kama kila mmoja amebobea kwa yake mawili, matatu bado hayana mwenyewe, na ndio maana mtu wa historia anajikuta anafundisha asidi na besi. Kwa hivyo tusidanganyane ati digrii imemaliza hii shida. Wewe mwenyewe na hesabu na fizikia yako, ukipelekwa huko kesho utapewa sayansi yote, na sehemu kubwa yake ni bayolojia na kemia ambazo uliacha fom foo.

Mwalimu wa P1 yeye alifunzwa kufundisha masomo yote. Anajua kushika darasa la watoto themanini, anajua mtoto wa miaka 12 akinyamaza ni haelewi ama ni njaa. Kile hana ni kina cha somo. Na kina kinafundishika.

Nitawapa mfano. Kuna mwenzangu tulikuwa naye kwa mafunzo, P1, aliletea darasa maua ya haibiskasi akayaponda kwa maji moto, akachuja, akawapa watoto limau, majivu, sabuni na magadi. Limau ikageuza yale maji mekundu, majivu yakageuza kijani, watoto wakaanza kubishana magadi itaenda wapi kabla hata hajaimwaga. Hakuna maabara hapo, ni vikombe vya plastiki. Lakini mtoto mmoja akauliza, mwalimu, kwa nini inageuka? Na hapo ndipo alikwama. Jibu si gumu, ni kemia ya kawaida, hakuwahi tu kufundishwa kwa kiwango hicho. Mimi nataka serikali imfunze hapo alipokwama.

Na mahali pa kumfunza pako. CEMASTEA iko hapa Karen, kazi yake ni kufunza walimu wa hesabu na sayansi, na ule mradi wa SMASSE ulioizaa ulianza 1998 kwa msaada wa Japani. Badala ya semina fupi ya kufunzwa kujaza rubriki za kupima watoto, mtu achukue somo moja ama mawili, asome likizo za mwaka mzima, afanye majaribio kwa mikono yake, mwishoni akalie mtihani wa hilo somo. Akipita apewe. Akianguka abaki praimari, hakuna kulia.

Mwalimu wa Lower
Na sisi tunaobaki na madarasa ya chini ya praimari? 2023 walimu wetu wakihamishwa kwenda JSS mimi niliunganishiwa madarasa mawili. Hakuna mtu alikuja kujaza pengo. JSS mtoto anatumiwa na serikali shilingi 15,042 kwa mwaka, wa praimari 1,420, halafu mnatuchukulia na walimu pia. Mtoto asiyejua kusoma gredi ya 3 hiyo kemia atasoma na nini?

Mzee wa Chaki
Wanangu, 8-4-4 ikiingia 1985 tuliongezewa darasa la 8 na masomo kama sanaa, sayansi kimu na kilimo. Tulipewa vitabu, tukaambiwa endeleeni. Kuna shule watoto walifanya mtihani wa ushonaji bila kuona cherehani. Msikubali tena kuambiwa endeleeni.

Bado Nangoja TSC
Mzee shikamoo, hiyo imenigusa. Haya, mwalimu, kama kuna mtihani wa somo basi tufanye sote, hata sisi wa digrii. Mimi nitakalia wa kemia na bayolojia bila shida. Lakini kwa nafasi mpya sisi tuliongoja tuanze, aliyemaliza zamani akiwa mbele.

Mama wa Gredi 8
Naunga mkono mtihani. KJSEA, ule mtihani wa mwisho wa gredi ya 9, inabeba asilimia 60 ya kumpeleka mtoto gredi ya 10, na ile miradi ya gredi ya 7 na ya 8 inabeba 20. Kama mwalimu hajui sayansi hizo alama za mradi anaziweka akiangalia nini?

Ticha wa Umoja
Mzee shikamoo. @Bado Nangoja, tumekubaliana hapo, mtihani uwe mmoja kwetu sote, na nafasi mpya aliyengoja zaidi aende kwanza. @Mwalimu wa Lower, wewe ndio umeniweka pagumu na uko sawa. Basi nasema hivi, mwalimu wa praimari asihamishwe mpaka barua ya anayekuja kushika darasa lake iwe imetoka, muhula huo huo. Na hiyo nafasi ya praimari ichukuliwe na hawa vijana wanaomaliza diploma mpya ya ualimu wa msingi, nao wako nyumbani wanangoja. Hata kama itachelewesha mimi kwenda JSS, wacha ichelewe.