Majirani wa Mabatini: kifua cha watoto

Mama Neema: Mwangaluka majirani. Huyu wangu wa miezi minne kakohoa usiku kucha. Akinyonya kidogo anaacha. Na kwa Mama Kulwa wawili wanaumwa. Ni mvua hizi au?

Bibi Holo: Ni mvua. Vuli ikianza tu, kifua kimefika. Mfunikeni vizuri.

Nesi Pili: Shikamoo Bibi. Msimu umeuona sawasawa, ila mvua yenyewe haina virusi. Ikinyesha tunafunga madirisha, tunabanana chumbani, na wa darasa la kwanza anatoka shule na mafua yake anambusu mdogo wake.

Virusi vya mafua ni vingi. Vinavyowatesa sana watoto wachanga ni aina iitwayo RSV, inayoshambulia njia ya hewa. Ulaya huja majira ya baridi, nchi nyingi za joto huandamana na mvua. Mwaka 2020 watu walipojitenga kwa sababu ya korona, Australia msimu wake wa baridi ulipita karibu bila RSV, halafu ikafumuka kuelekea kiangazi chao. Kwa hiyo hali ya hewa ina sehemu yake, lakini kugusana kwetu ndiko kunakoisambaza.

Bibi Holo: Marahaba mjukuu. Kumbe Neema wetu wa darasa la kwanza ndiye kaileta.

Nesi Pili: Huenda, na hana kosa, mtoto wa watu. Hata sisi wakubwa tunaipata tena na tena, tunaiita mafua tu.

Baba Juma: Nina amoksilini ilibaki, niilete?

Nesi Pili: Hapana kaka, tafadhali. Inaua bakteria, virusi haiwagusi. Na asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Mama Neema, akitulia mfunue kifua, uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa.

Mama Neema: Nimehesabu 58. Na chini ya mbavu panabonyea akivuta.

Nesi Pili: Kwa umri wake kuanzia 50 ni nyingi, na huko kubonyea ni hatari. Usingoje kesho. Kituo cha afya sasa hivi!

Baba Juma: Natoa bajaji. Toka na kadi ya kliniki.

Mama Kulwa: Hawa wangu wanakula na kucheza, pua tu zinatoka.

Nesi Pili: Wape vinywaji, mikono kwa sabuni, jiko la mkaa litoke ndani. Wasiende kwenye nyumba yenye mtoto mchanga wiki hii. Wakianza kupumua harakaharaka nipigie hata usiku.

Mama Neema: Tumepokelewa. Wamempima oksijeni iko chini, wamemwekea. Tunalazwa. Neema anatoka shule saa nane jamani.

Mama Kulwa: Namfuata mimi. Atalala huku na wenzake, wote wana mafua hayohayo.