Injini inamisi silinda ya 2, koili na plagi si tatizo: naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Gari langu ni la petroli, silinda 4, kila plagi na koili yake (inayoipa umeme wa cheche). Likiwashwa asubuhi linatetemeka mpaka usukani unacheza. Likipata moto linatulia kidogo, ila kwenye mlima taa ya injini inapepesa. Mashine ya kupima makosa inasoma P0302 peke yake, yaani silinda ya 2 inamisi (petroli haiungui vizuri).

Nimehamishia koili ya silinda ya 2 kwenye ya 3, kosa halikuhama. Plagi zote ni mpya, lakini ya silinda ya 2 kila nikiifungua imelowa petroli, wakati zingine ni kavu, rangi ya kahawia. Maji ya rejeta hayapungui. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda): silinda tatu ni kama psi 170, ya 2 ni 125. Nimetia oili kidogo kwenye tundu la plagi, kipimo hakikupanda (kingepanda kama ni ringi za pistoni), ndiyo maana nahofia valvu kuliko ringi. Fundi anasisitiza ni injekta (inayopuliza petroli) inayovuja.

Je, nihamishe injekta kwanza, au vipimo hivi vinatosha kufungua silinda hedi? Na nikiendelea kuliendesha hivi, petroli isiyoungua haitaharibu katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi)? Nalitegemea kila siku.