Spidomita ya namba au ya mshale: Aqua na Fielder

MwanaMbezi
Wakuu, habari za jioni. Nina bajeti ya gari moja na nimebakiwa na mawili: Toyota Aqua na Corolla Fielder ya E140. Habari za betri ya haibridi, ulaji wa mafuta na bei ya spea nimezisoma humu za kutosha, naomba tusizirudie.

Kinachonitatiza ni kitu ambacho sikuwahi kukifikiria mpaka nilipokaa kwenye viti vya yote mawili: spidomita. Aqua inakupa namba tupu, tarakimu kubwa zinazowaka juu ya dashibodi, zimesogea katikati. Fielder ina mshale nyuma ya usukani, kama gari nililojifunzia. Mimi huenda Korogwe kwa wazazi mara kwa mara, na njia ile mnaijua: kibao cha 50, unamaliza kijiji, unakanyaga kidogo, kibao kingine cha 50, na trafiki na tochi yake ya kupima mwendo yuko kichakani. Kwa njia ya namna hiyo, kipi kinamsaidia dereva? Naomba hasa waliotumia vyote viwili.

DerevaWaKusini
Namba, mkuu. Sizunguki.

Magari ya soko la Japani mishale yake karibu yote inaishia 180, kwa hiyo eneo lote la mwendo wa mjini limebanwa upande mmoja wa duara. Tofauti ya 50 na 54 ni unene wa mshale wenyewe. Trafiki akikusimamisha anakuonyesha namba, 54, na wewe uliona mshale "uko hapo kwenye hamsini". Gari la namba ukiona 51 unaachia mafuta, yameisha. Nimeendesha vyote, na kwenye vijiji kati ya Chalinze na Segera namba hupumzisha akili.

MamaTumaini
Mimi nitasema mshale, na nina sababu. Nimeshapita hamsini, naona mbali vizuri sana ila maandishi ya karibu lazima nivae miwani. Kwenye gari langu nikiwa 80 mshale unakaribia kusimama wima. Sihitaji kusoma chochote, nikiona umesimama najua. Nikiona umeanza kulalia kulia najua nimezidisha. Hiyo naiona kwa pembe ya jicho huku uso uko barabarani.

Halafu kuna mteremko. Mtu akishuka Kitonga, mshale unauona unapanda na unaona unapanda kwa kasi gani, mkono unaenda kwenye gia mapema. Namba zinabadilika 46, 49, 53, na wewe ndiye unatakiwa uzitoe kichwani ujue gari linakimbia kiasi gani. Wakati huo kuna lori mbele yako.

DerevaWaKusini
Shikamoo Mama. La mteremko nakubali, sina ubishi nalo. La macho, naomba ukae kwenye Aqua ujaribu kabla ya kuamua. Zile tarakimu ni kubwa kuliko maandishi yoyote kwenye dashibodi ya mshale, na zimekaa mbali na uso, chini kidogo tu ya kioo. Baba mdogo wangu ana tatizo hilohilo la kuona karibu na anazisoma bila miwani.

MamaTumaini
Marahaba mwanangu. Nitajaribu.

FundiUmeme_Ilala
Naona mnabishania uso wa saa, ngoja nifungue ndani.

Spidomita ya mshale ya asili, inayotokana na hataza ya Mjerumani Otto Schulze ya mwaka 1902, haihitaji hata betri. Kebo inatoka kwenye giaboksi na kuzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu. Sumaku haigusi kikombe, lakini ikizunguka inaamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya aluminiamu, na kikombe kinavutwa kuifuata. Springi nyembamba inakizuia kisizunguke mazima. Gari likiongeza mwendo mvuto unazidi, kikombe kinajipinda zaidi, na mshale umechomekwa juu yake. Wenye Land Cruiser za zamani mnaujua mshale unaotetemeka: kebo imekauka grisi au nyuzi zake zimeanza kukatika.

Fielder ya E140 haina kitu hicho. Sensa inasoma mzunguko, kompyuta inapiga hesabu, kisha inaamuru mota ndogo nyuma ya dashibodi isogeze mshale hatua kwa hatua. Aqua nayo inasoma sensa, inapiga hesabu, inawasha namba. Mkuu MwanaMbezi, magari yako yote mawili ni ya kidijitali ndani, yanatofautiana mahali pa kuonyeshea tu. Kwa hiyo anayekwambia namba ni sahihi zaidi kwa sababu ni namba, usimsikilize.

Na hapa ndipo watu wengi hawapajui. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita inataka chombo kisionyeshe kamwe pungufu ya mwendo halisi, lakini inakiruhusu kizidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Yaani ukiwa kwenye 50 ya kweli, dashibodi inaruhusiwa kusoma mpaka 59. Ukiwa kwenye 100, mpaka 114. Kiwandani wanaegemea upande wa kuzidisha ili wasije wakavunja sharti la kwanza. Namba "50" inayowaka kwenye skrini ina uongo uleule wa mshale, ila inausema kwa kujiamini.

Upande wa ubovu: mota ya mshale ikichoka, mshale unakwama au unagoma kurudi sifuri, ila geji nyingine zinaendelea kufanya kazi. Mota hiyo ni ndogo na inabadilishika. Namba zikianza kufifia au kupotea gari likipata joto, mara nyingi ni lehemu zilizopasuka au kapasita iliyochoka kwenye bodi. Fundi makini anairudisha. Tatizo ni kwamba ikizima inaweza kuzima yote kwa pamoja, mwendo, mafuta na taa za onyo, na hapo unaendesha gizani. Ukienda kununua klasta (kisanduku kizima cha geji za dashibodi) ya mtumba, ya gari lolote kati ya hayo, kumbuka kilomita zilizohifadhiwa mle ni za gari la mtu mwingine.

Wanjala254
Wadau, kutoka Nakuru. Fundi amesema vyema. Kupima ni rahisi, weka simu yenye GPS kwenye kishikio, tafuta barabara tambarare iliyonyooka, shikilia mwendo mmoja kwa muda na ulinganishe. Usibadilishe mwendo wakati wa kulinganisha, kwa sababu GPS huchelewa kidogo ukiongeza au ukipunguza. Abiria ndiye asome, si dereva.

Kuna moja halijatajwa. Shemeji yangu ana gari lililotoka Uingereza, la mshale. Namba kubwa ni za maili, za kilomita zimeandikwa ndogo kwa ndani. Maili 50 ni kilomita 80, kwa hivyo mtu aliyezoea gari la Japani akipewa usukani anaona mshale kwenye 50 na anaingia mjini akiamini yuko sawa. Gari la namba kutoka huko huwa na mahali pa kubadilisha maili ziwe kilomita, kisha umesahau. Kwa Aqua na Fielder za Japani hilo halipo, lakini anayesoma huu uzi akiwaza gari la Uingereza alifikirie.

Mimi nikichagua kwa moyo, nachukua mshale wenye namba ndogo katikati yake. Magari mapya mengi yanakuja hivyo.

MkaziWaMuscat
Salamu kutoka Muscat. Huku tuna kamera barabarani na barabara kuu za 120, na magari mengi ya soko la Ghuba yanalia mlio ukivuka 120, kwa hiyo sikio nalo linafanya kazi ya spidomita.

Nichangie la jua. Ukivaa miwani ya polaraidi, baadhi ya skrini za LCD zinageuka nyeusi kabisa au zinafifia ukiinamisha kichwa. Tarakimu zinazowaka zenyewe hazina shida hiyo, na mshale hauna shida kabisa. Kabla hujalipa pesa, vaa miwani yako ya kuendeshea, kaa kwenye kiti saa sita mchana, na uangalie.

MamaTumaini
Na usiku? Dashibodi inayowaka muda wote inawasahaulisha watu taa. Nakutana nao Morogoro Road magharibi imeingia, gari halina taa hata moja nyuma, na dereva ndani anaona dashibodi yake inang'aa, anadhani kila kitu kiko sawa. Zamani giza likiingia ulikuwa huoni hata mwendo wako mpaka uwashe taa. Hili linaniuma kwa sababu wanaogongwa ni watu wa bodaboda.

FundiUmeme_Ilala
Kweli kabisa, Mama. Ila na baadhi ya Fielder zimo, zile zenye dashibodi ya Optitron nazo zinawaka ukiwasha tu gari, ingawa ni za mshale. Kama gari lina swichi ya taa za kujiwasha, iache hapo.

DerevaWaKusini
Niongeze la kazini. Mabasi yetu yamefungwa VTS, kifaa cha kufuatilia gari cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inasoma mwendo kwa setelaiti, haijali dashibodi inasema nini. Mwisho wetu ni 80. Basi lilelile likiwa na tairi mpya na likiwa na tairi zilizoisha halikupi namba moja kwenye dashibodi, kwa sababu tairi iliyoisha ni fupi na inazunguka mara nyingi zaidi. Tukifunga tairi mpya tunajua ule mpaka wa kuzidisha umepungua. Ndiyo maana nataka namba: nikishajua gari langu linazidisha 3, natoa 3. Kwenye mshale utatoaje 3?

MwanaMbezi
Hapo kwenye tairi mmenishtua. Fielder ninayoiangalia muuzaji alijisifu kwamba ameiwekea tairi kubwa ili inyanyuke, kwa sababu ya matuta. Ina maana gani kwenye spidomita?

FundiUmeme_Ilala
Ina maana kubwa kuliko mjadala wote huu wa mshale na namba.

Chukua mfano. Tairi ya 175/65 R14 ina kipenyo cha milimita 583 hivi. Ukiitoa ukaweka 185/70 R14 kwenye rimu ileile, kipenyo kinafika karibu 615. Ni asilimia 5 na ushee. Kompyuta haijui umebadilisha, inaendelea kuhesabu mizunguko kwa tairi ya kiwandani. Ile akiba ambayo kiwanda kilikuachia umeshaila. Kama dashibodi ilikuwa sahihi kabisa, sasa inasoma 80 na wewe uko kwenye 84. Na kwa kuwa kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, hata hesabu yako ya mafuta kwa kilomita itakuwa na makosa, utadhani gari linakula zaidi ya linavyokula.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko chenye saizi ya tairi ya kiwandani na upepo wake. Linganisha na maandishi ya ubavuni mwa tairi zilizopo. Fanya hivyo kwa Aqua pia, maana huko nako wananyanyua.

MwanaMbezi
Shukrani sana, wakuu. Jumamosi naenda kuyaendesha yote mawili hadi Kibaha, mke wangu atashika simu ya GPS. Miwani ya jua nitabeba. Nikikuta Fielder ina tairi za saizi isiyo yake, namwomba muuzaji arudishe za kiwandani kwanza kabla sijazungumza bei.

MamaTumaini
Mkifika Kibaha mgeuzane na mkeo, aendeshe yeye kurudi. Gari ni la wote wawili, na macho yake si macho yako.