Gari linalia tak, haliwaki: betri mpya, kukarabati stata, au stata ya mtumba?

Kisasa_Juu
Habari za kazi wakuu. Gari ni otomatiki, injini 1300, betri NS60 ina miaka miwili na nusu. Asubuhi ukizungusha ufunguo linalia "tak" moja, kimya. Taa za dashibodi zinawaka vizuri. Mara ya tatu au ya nne linakubali. Fundi mmoja anasema betri, mwingine stata. Nianze na ipi kati ya hizo tatu?

FundiUmeme_Dom
Mkuu, usitoe hela kabla ya kupima. Anza na sikio. "Ta-ta-ta-ta" ya haraka ni upungufu wa umeme: solenoidi (swichi ya umeme iliyo kwenye stata) inavuta, volti zinaanguka, inaachia, zinapanda, inavuta tena. Hapo ni betri au vichwa vyake. "Tak" moja nzito ni kwamba solenoidi imevuta na kushikilia, ila mota haizunguki.

Kisha washa taa kubwa zimulike ukuta, mtu apige stata. Zikififia hadi karibu kuzima, betri haitoshi au stata imekwama na inanyonya umeme wote. Zikibaki vilevile, achana na betri, shuka kwenye stata.

Kwa mita: betri iliyolala usiku kucha ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 imeisha. Namba hiyo peke yake inadanganya sana. Pima stata ikipigwa: betri iliyochajiwa vizuri isishuke chini ya 9.6. Ikitoka 12.5 ikaanguka hadi 7, na stata haijakwama, imekufa ndani hata kama redio inaimba.

Nkuhungu_Spea
Kabla ya mita, fungua vichwa vya betri kwa spana namba 10, hasi kwanza. Ule unga mweupe wenye ukijani hukaa ndani ya kibanio, usipofungua huuoni. Kijiko cha magadi soda kwenye kikombe cha maji ya moto, mwagia, sugua kwa brashi, kausha, piga msasa mpaka risasi ing'ae. Maji hayo yasiingie kwenye matundu ya betri.

Na joto la hapa kwetu mwezi wa kumi na wa kumi na moja hukausha betri za kujaza maji. Maji yafunike sahani kwa milimita 10 hadi 15. Tumia maji ya betri tu. Ya bomba hapa Dodoma yana chumvi, yanaua sahani. Asidi usiongeze.

Shaba_na_Kaboni
Naongeza kipimo ambacho wengi wanakiruka, na ndicho kinachookoa hela: volti zinapotelea wapi njiani. Mita iwe kwenye volti DC 20. Gia P, breki ya mkono juu, mtu apige stata huku unasoma.

Nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe, siyo kibanio) hadi chuma tupu cha injini: ikizidi 0.3, waya wa ethi (unaounga hasi na injini) una kutu au umelegea. Nguzo chanya hadi boliti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri: isizidi 0.5. Vipimo hivi viwili vina maana pale stata inapozunguka. Ikilia tak tu, umeme mkubwa haupiti, kwa hiyo hata waya mbovu unaonekana mzima.

Ikilia tak, weka ncha kwenye boliti mbili kubwa za solenoidi, ya betri na ya mota. Ukisoma volti 11 au 12, vishaba vya ndani, vile vinavyopitisha umeme mkubwa kwenda kwenye mota, vimeliwa. Ukisoma karibu sifuri na boliti ya mota hadi chuma cha injini ina volti 12, kaboni (zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zimeisha. Kaboni ndizo zile ambazo ukiigonga stata kwa mpini wa spana gari linawaka. Hiyo ya kugonga ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Mtumba_Daily
Stata ya mtumba mimi siishauri. Fundi anaichomeka kwenye betri mezani, inazunguka, unalipa. Mezani haina mzigo. Vishaba vilivyoliwa nusu vitaizungusha vizuri, halafu asubuhi ya Julai yenye baridi linarudi lilelile. Mtumba una maana kama nyumba ya stata imepasuka au koili zimeungua.

Kisasa_Juu
Nimepima. Betri 12.5. Linapokubali, stata ikizunguka inashuka hadi 10.4, ethi 0.1, waya mkubwa 0.2. Likigoma, kati ya boliti mbili ni 11.7.

Shaba_na_Kaboni
Basi jibu umelipata. Betri yako nzima, nyaya nzima. Kaboni nazo zinagusa, zisingegusa usingesoma 11.7 hapo. Ni vishaba. Ukifungua kifuniko cha solenoidi utaona vipande viwili vyenye umbo la L, mara nyingi cha upande wa betri kimechimbika zaidi, cheusi. Nunua vyote viwili pamoja na pistoni ya solenoidi, chuma kinachovutwa kuvigusa, maana pete yake ya shaba huwa na mfereji. Kuvipiga msasa vya zamani hakusaidii: kimo kinapungua, pete haifiki.

FundiUmeme_Dom
Toa waya hasi wa betri kabla hujagusa stata, ule mwekundu pale una umeme muda wote. Ikiwa nje, pima kaboni: zikibaki nusu ya urefu wa mpya, badili hapohapo, kazi ya kufungua ni ileile. Unapofunga vishaba, vyote viwe kimo kimoja. Kimoja kikiinama, pistoni inagusa upande mmoja na tak inarudi.

Likishawaka, pima kwenye betri: 13.8 hadi 14.5. Chini ya 13 angalia mkanda na altaneta inayochaji betri. Na fundi asikuambie uchomoe betri injini ikiunguruma eti "tujaribu altaneta". Volti zinaruka ghafla, kompyuta ya gari inaweza kuungua.