Naombeni ushauri: mpwa wangu wa miaka 13 anapasua betri chakavu

Wakuu, habari zenu. Tangu shemeji yangu afariki, mtoto wake anafanya kibarua kwenye karakana ya chuma chakavu. Anapasua betri za magari kwa shoka, anamwaga tindikali chini, kisha anayeyusha risasi, ile metali ya ndani ya betri, kwenye sufuria. Glavu hana. Siku hizi tumbo linamsokota, choo hapati, na amekuwa mkali bila sababu. Dada anasema ni minyoo. Tajiri anasema anamfundisha ufundi. Hela anayoleta ndiyo inayolipa kodi ya chumba, kwa hiyo nikigusia tu, dada analia. Nifanyeje bila kuvunja undugu?

Nesi wa Zamu:
Pole sana. Dalili hizo usizisubirishe. Mpeleke hospitali, umwambie daktari waziwazi kwamba anayeyusha risasi ili apimwe risasi kwenye damu. Usipotaja, ataandikiwa dawa ya minyoo na kurudi kulekule. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Damu ikifikisha maikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Risasi ikishaingia mwilini hukaa kwenye mifupa miaka mingi. Ikiwa nyingi mno zipo dawa za kuipunguza, ila ubongo ulioharibika haziurudishi. Ana wadogo zake? Vumbi huja nyumbani na nguo, na watoto wadogo hufyonza risasi wanayomeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Nao wapimwe.

Fundi Mkongwe:
Karakana ndiyo maisha yangu, na nawaambia kupasua betri si ufundi. Mtoto anawekwa pale kwa sababu malipo yake ni madogo na haulizi. Kitambaa puani hakizuii moshi ule.

Mpenda Haki:
Karipoti leo, wafunge!

Dada Ustawi:
Kuripoti sawa, lakini karakana ikifungwa bila mama kusaidiwa, mtoto atahamia nyingine. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1999, unakataza kazi hatarishi kwa aliye chini ya miaka 18, na tangu 2020 nchi zote wanachama zimeuridhia. Unazitaka pia zimtoe mtoto kazini na kumrejesha shule. Anza kwa afisa ustawi wa jamii, nenda na dada yako, asihisi anashtakiwa.

Bibi Mwenye Busara:
Mwanangu, wote mmeruka swali la kodi. Wajomba mko wangapi?

Mleta mada:
Asante bibi. Tuko watatu. Nimeongea na kaka zangu, kodi tutagawana mpaka dada apate shughuli. Kesho nampeleka hospitali. Nesi, kipimo kisipokuwepo?

Nesi wa Zamu:
Omba rufaa. Wakati mnasubiri asikanyage karakana hata nusu siku, na nguo zake za kazi zisichanganywe na za wenzake.