Natumia PrEP (dawa ya kujikinga na VVU), mkojo umetoka safi, mwenzangu ana kisonono kooni. Nitulie?

Muulizaji
Habari wakuu. Nalala na wanaume wenzangu, PrEP nameza kila siku bila kuruka. Mwenzangu amekutwa na kisonono kooni. Mkojo wangu umetoka safi, dalili sina. Nipime nini tena?

Kijiti
Usitulie bado. Mkojo unatoa habari za mrija wa mkojo tu. Kisonono na klamidia zikijificha kooni au njia ya haja kubwa, mkojo hauzioni, na huko mara nyingi hakuna usaha wala maumivu. Omba kipimo cha vinasaba cha sehemu zote tatu, pamoja na damu kwa kaswende na VVU.

Sampuli unaweza kuchukua mwenyewe. Nyuma, ingiza kijiti cha pamba sentimita 3 hadi 4, kizungushe sekunde 5 hadi 10. Kikitoka kimejaa kinyesi, omba kingine. Kooni, sugua tonsili zote mbili na ukuta wa nyuma. Wengi wakisikia kutapika wanaishia kwenye ulimi, basi kinachopimwa ni mate. Mkojo nao una kanuni yake: kaa saa 1 bila kukojoa, halafu kinga ule wa mwanzo kabisa, mililita 20 hadi 30. Ule wa katikati wa kipimo cha UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) haufai, mrija unakuwa umeshaoshwa.

Mlikutana lini mara ya mwisho?

Muulizaji
Siku 5 zilizopita. Nikimeza azithromaisini si yanaisha?

Dozi Kamili
Hayaishi, mkuu. Kisonono kimeshaizoea dawa hiyo. Tiba ni sindano ya seftriaksoni ya msuli, mara moja: miligramu 500 kwa mwongozo wa Marekani, gramu 1 kwa Uingereza.

Siku 5 ni mapema, majibu safi ya leo hayana uzito mpaka zitimie wiki 2. Ila mwenzako ameshathibitika, kwa hiyo mweleze mhudumu hivyo hivyo. Anaweza kukutibu bila kungoja majibu. Sampuli zitangulie, sindano ifuate. Kisonono kikionekana kooni, rudi upimwe tena kama siku 14 baada ya sindano, maana koo ndilo linaloshindikana kuliko sehemu nyingine.

Klamidia ya nyuma ni doksisaiklini miligramu 100 mara 2 kwa siku, siku 7. Na nyote wawili siku 7 bila ngono, ya mdomo ikiwemo, la sivyo mtabaki kurudishiana.

Muulizaji
Na ile doksi ya kumeza baada ya tendo?

Mpimaji
Kwa tukio hili umechelewa. Ni miligramu 200 ndani ya saa 72, na isizidi 200 kwa saa 24. Inapunguza kaswende na klamidia kwa zaidi ya asilimia 70. Kwa kisonono usiitegemee sana. Meza na glasi nzima ya maji, kaa wima nusu saa. Kidonge kikikwama kinachoma umio, na si mchezo. Maziwa, vidonge vya chuma na dawa za kiungulia viachane nayo saa 2.

Kaswende inaweza kuchukua hadi siku 90 kuonekana kwenye damu, kwa hiyo rudia. Aliyewahi kuugua asitegemee kipimo cha haraka, kwa wengi hubaki chanya maisha yote hata baada ya kupona. Anahitaji RPR (kipimo cha damu cha kaswende) yenye namba: ikishuka kutoka 1:32 hadi 1:8 tiba imefanya kazi, ikipanda tena mara 4, huenda ameambukizwa upya.

Muulizaji
Nisimamishe PrEP hizo siku 7?

Dozi Kamili
Endelea nayo. Haigongani na sindano wala doksi, na kidonda au uvimbe wa ndani hurahisisha VVU kupenya. Kama una homa ya ini B ndiyo kabisa usiiache kienyeji: tenofovir iliyomo inavizuia virusi hivyo, ukiikata ghafla ini linaweza kuvimba vibaya. Hujawahi kupima hiyo B? Iongeze kwenye damu hiyo hiyo.